Kutoka Mvita hadi Amu kwa Nchi Kavu: Majirani Wasiosema Walioko Njiani

Kwa karne nyingi mtu wa pwani hakuwa na haja ya barabara, maana njia yake ilikuwa bahari. Aliyetaka kwenda Amu kutoka Mvita aliuliza kwanza habari za pepo. Kusi ikivuma, jahazi lilipanda kaskazini likiwa limejaa nguo, vyakula na abiria. Kaskazi ikiingia, lilishuka na boriti za mikoko, samaki wakavu na salamu za jamaa. Nchi iliyokuwa nyuma ya fukwe, kutoka Malindi hadi Mokowe, wengi waliiita nyika tu. Waliojua siri zake walikuwa Wapokomo wa kando ya mto, Waorma na ng'ombe wao, Wasanye na Waboni walioishi kwa mshale na asali, pamoja na wanyama wenyewe.

Leo mambo yamegeuka. Basi huondoka Mombasa alfajiri, likapita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, na kabla ya jua kutua abiria wake wako Mokowe wanateremka mashuani kuvuka kwenda Amu. Ni mwendo wa kilomita 350 hivi. Kipande cha Garsen hadi Mokowe, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mchanga wakati wa jua na tope wakati wa mvua, kimetiwa lami miaka hii ya karibuni. Safari iliyokuwa ikimchosha mtu siku nzima, na wakati mwingine kumlaza njiani, sasa mtu huimaliza kabla hajamaliza korosho alizonunua Kilifi.

Lakini wepesi nao una hasara zake. Abiria wa siku hizi akishasoma dua ya safari huvuta pazia la dirisha, akainamia simu yake, na akizinduka ni Mokowe. Amepita katika msitu usio na mfano wake katika Afrika ya Mashariki, amevuka mito miwili mikubwa, amewapita wanyama ambao watu wa nchi za mbali huuza mali zao ili waje kuwaona, na yeye hana habari. Basi yafaa, msomaji, tuipite njia hii tena kwa utaratibu, pazia likiwa wazi, tuwatazame majirani hawa wasiosema. Maana wao ni wenyeji kama sisi, na baadhi yao wako katika hatari ya kutoweka tukiwa tumelala usingizi.

KIBOKO NA KOBE WA BAMBURI

Ukishavuka daraja la Nyali, mandhari ya kwanza ya kutazamwa ni mivinje ya Bamburi. Hapo palikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jangwa jeupe lisiloota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, René Haller, alianza kupanda miti katika mashimo yale. Mivinje ikashika, majani yake yakaoza yakawa udongo, na baada ya miaka pakawa msitu wenye madimbwi, twiga, viboko na ndege wa kila namna. Pakaitwa kwa jina lake, Haller Park.

Mahali hapo palipata umaarufu wa dunia nzima kwa ajili ya yatima mmoja. Tarehe 26 Desemba 2004, wimbi la tsunami lililotoka upande wa Sumatra lilifika hata pwani yetu. Kundi la viboko lililokuwa limesukumwa na maji ya mto Sabaki hadi baharini likatawanyika, akabaki mtoto mmoja amekwama kwenye mwamba karibu na Malindi. Kesho yake wavuvi na watu wa mji walishirikiana kwa nyavu na kamba hadi wakamtoa, wakampa jina la Owen. Alipofikishwa Bamburi alimkimbilia kobe mkubwa wa asili ya kisiwa cha Aldabra, aliyeitwa Mzee na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, akajificha nyuma yake kama mtoto ajifichaye nyuma ya buibui la mamake. Kobe mwanzo alikasirika na kumkimbia. Baadaye alizoea, wakawa wakila pamoja na kulala pamoja.

Habari hiyo iliandikwa katika vitabu na magazeti ya nchi nyingi. Wengi walistaajabia mapenzi ya kiboko na kobe. Sisi tustaajabie pia wale wavuvi. Kiboko huwavunjia watu mitumbwi na kuwala mpunga wao, lakini siku ya msiba walimwona ni kiumbe aliyefikwa, wakaingia majini kumwokoa.

SENGI, BUNDI NA KIMA WA GEDE

Kutoka Mtwapa hadi Kilifi njia ni ya minazi, mikorosho na mashamba ya katani. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalisubiri kivuko, na wauzaji korosho na madafu wakafaidi subira ya wasafiri. Ndani kidogo, magharibi ya barabara, ziko kaya za Wamijikenda, misitu midogo iliyohifadhiwa kwa miiko ya wazee. Mwaka 2008 baadhi ya kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kabla ya serikali kuweka askari wa misitu, mwiko ulikuwa ndio askari, tena askari asiyelala wala asiyehongeka.

Mbele ya Kilifi, mkono wa kushoto, unaanza ukuta wa miti unaofuatana na barabara kwa kilomita nyingi. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo zamani ilikuwa imetanda kutoka Somalia hadi Msumbiji. Ndani yake wamo tembo ambao abiria wa basi hawaoni, na wamo pia wadogo ambao thamani yao haipungui ya tembo.

Wa kwanza ni sengi. Ni mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, miguu myembamba, na kiuno cha rangi ya dhahabu kana kwamba amevaa kitambaa cha zari. Uzito wake ni kiasi cha nusu kilo. Hutafuta wadudu chini ya majani makavu, na dume na jike hukaa wawili wawili katika mtaa wao, hawabadilishani. Sengi wa kiuno cha dhahabu haonekani popote duniani isipokuwa katika misitu ya pwani ya Kenya, na wengi wao wamo humu Sokoke. Ajabu zaidi ni nasaba yake. Watu walidhani ni jamaa ya panya, lakini wataalamu walipochunguza damu na mbegu za uzazi waligundua kuwa ukoo wake uko karibu zaidi na tembo, pimbi na nguva. Basi katika njia hii moja ya Mvita hadi Amu wanaishi jamaa watatu wa ukoo mmoja: sengi chini ya majani, tembo msituni, na nguva katika bahari ya Lamu.

Wa pili ni bundi wa Sokoke, ndege mdogo ambaye urefu wake haufiki sentimita 20. Dunia ya elimu ilimjua mwaka 1965 tu, na mbali na hapa ameonekana chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Wako kati yetu ambao wakimsikia bundi usiku husema pana mtu atakufa, wakachukua jiwe. Imani hiyo ni ya siku za ujahili, na Mtume (S.A.W.) aliikanusha. Bundi ni ndege alaye wadudu na panya, hana daftari la roho za watu.

Wa tatu ni paa nunga. Huyu ni paa mdogo mwekundu ambaye ndugu zetu wa Unguja wanamjua sana, na bara anapatikana katika misitu ya pwani yetu tu. Kwa miaka mingi ametegwa kwa nyaya na kamba, hata kumwona sasa ni bahati.

Msitu huu una maadui wawili, nao ni msumeno na tanuri la mkaa. Haifai kuwatukana wakataji, maana aghalabu ni watu wenye njaa wanaokaa kando ya miti yenye bei. Kwa sababu hiyo yafaa kusifu mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi wa vipepeo, na wakishageuka mabuu huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Mkulima akijua kwamba kipepeo wake anahitaji mti fulani ili atage mayai, huulinda mti ule bila kuambiwa na askari.

Hapo Gede penyewe pana magofu ya mji wa Waswahili uliokaliwa tangu karne ya 12 au ya 13 hadi karne ya 17. Una msikiti wa Ijumaa, nyumba za mawe, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mwaka 2024 mji huu uliingizwa katika urithi wa dunia. Watu waliondoka, msitu ukaingia sebuleni, na leo wenye nyumba ni kima. Wanakaa juu ya kuta kama wazee barazani, na mgeni mwenye ndizi mkononi hana budi kuitoa, akitaka asitake. Anayewacheka na akumbuke kwamba mibuyu na mikwaju iliyoota juu ya magofu ndiyo kivuli cha kuta zile, na matunda yao husambazwa na hao hao kima.

MIDA NA KASA WA WATAMU

Upande wa pili wa barabara ni hori la Mida na mikoko yake. Maji yakitoka, mchanga hujaa chekeamwezi na ndege wengine wa pwani ambao wengi wao huzaliana katika nchi za baridi za kaskazini na kuja kwetu kukimbia theluji. Wamo pia ndege weupe na weusi wenye midomo minene, walao kaa. Hao huzaliana katika fukwe za Ghuba na Bahari ya Arabu, kisha huteremka kwetu na kukaa hadi wakati wa kurudi. Kama mababu wa baadhi yetu, nao wana nyumba mbili, moja Arabuni na moja Uswahilini.

Watamu ni mji wa kasa. Mtu wa pwani amemjua kasa kwa muda mrefu, na gamba la ng'amba ni katika bidhaa za mwanzo kabisa zilizouzwa na pwani hii, zilizotajwa na mabaharia wa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita. Wabajuni wa zamani walikuwa na ufundi wa kumvua kasa kwa kumtumia chazo, yule samaki agandaye. Mvuvi alimfunga kamba mkiani, akamwachia, na chazo akienda kumgandia kasa, mvuvi huvuta kamba taratibu. Ni ufundi wa kusifiwa, lakini ulikuwa wa zama ambazo kasa walikuwa wengi na nyavu zilikuwa chache. Leo nyavu ndizo nyingi. Tangu miaka ya 1990 watu wa Watamu wamekuwa na utaratibu mwema: mvuvi akimnasa kasa kwa bahati mbaya huita watu wanaohusika, kasa hupimwa, hutibiwa akiwa mgonjwa, hurudishwa baharini, na mvuvi hupewa kifuta jasho kwa wavu wake na wakati wake.

TWIGA ALIYEKWENDA UCHINA

Malindi basi husimama. Wengine hukimbilia msikitini, wengine mahamri na mbaazi. Anayesubiri na akumbuke kwamba mji huu ulipata kutuma mnyama aliyeshangaza dola kubwa kuliko zote za wakati wake. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika ufalme wa Uchina wakiwa na twiga, zawadi kwa Mfalme Yongle. Mwaka mmoja kabla yake Wachina walikuwa wameshapokea twiga mwingine kutoka Bengali. Walipomwona mnyama mwenye shingo ndefu na upole wa macho walisema ndiye *qilin*, mnyama wa baraka wa hadithi zao, ambaye huonekana tu wakati wa mtawala mwadilifu. Twiga akachorwa, na sura yake ipo hadi leo. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka 80 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi, Aprili 1498. Mababu zetu walijua thamani ya mnyama hata wakamfanya balozi.

Kaskazini ya mji ni mto Sabaki, mwekundu kwa udongo wa bara. Kabla ya daraja mwombe dereva apunguze mwendo. Mlangoni mwa mto, maji yakiwa mazuri, husimama heroe wekundu wakichuja tope kwa midomo yao iliyopinda. Katika mabwawa ya mto wamo viboko, ambao wazee wengine huwaita tomondo. Lugha yetu imemhifadhi mnyama huyu kwa namna ya uchungu: mjeledi uliokatwa katika ngozi yake nao uliitwa kiboko, na neno hilo liliwaumiza migongo wapagazi na watumwa katika nchi nyingi za Afrika. Mnyama mwenyewe hana kosa katika jambo hilo.

MTO TANA, NEEMA NA HOFU

Kutoka Mambrui, Gongoni na vyungu vya chumvi hadi Marereni na kuendelea, minazi hupungua na miiba huanza. Hapa ndipo dirisha linapokuwa na faida. Ngiri hupita mkia umesimama kama mlingoti. Dikidiki, wawili wawili, hutazama gari kwa macho makubwa. Nyani hukaa kando ya lami wakingoja makombo, na abiria hutupa maganda ya ndizi wakidhani wanatoa sadaka. Si sadaka hiyo. Nyani aliyezoea kulishwa barabarani hufa barabarani, na asipokufa hujifunza kumpora mwanamke aliyebeba kikapu.

Halafu ni Garsen na mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kilomita 1,000 hivi kutoka milimani hadi Kipini. Zamani hapa palikuwa na kivuko, na leo ni daraja. Delta yake iliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kuna maziwa, mbuga, mikoko, mpunga wa Wapokomo, maembe, na ng'ombe wa Waorma wanaoteremka wakati wa kiangazi kutafuta majani. Korongo na yangeyange hufuata ng'ombe kama watoto wafuatao harusi.

Ukikata njia ya Hola ukafuata mto kwenda juu, kuna vipande vya msitu vilivyoshikamana na kingo. Humo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na kima mwenye shungi ambaye wataalamu humwita mangabe wa Tana. Wote wawili hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni, na wote wako ukingoni mwa kutoweka. Serikali iliwatengea hifadhi mwaka 1976. Wenyeji wakalalamika kwamba ardhi yao imechukuliwa, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ikabatilisha hifadhi ile. Hapo ndipo penye fundo la jambo zima. Mbega hana msitu mwingine, na Mpokomo hana shamba jingine. Atakayetaka kumwokoa mmoja kwa kumsahau mwenzake atawapoteza wote wawili.

Tusiwe watu wa kupamba. Anayesifu mamba akiwa hotelini hajapata kuteka maji katika mto Tana. Kuna wanawake waliochukuliwa na mamba wakiwa na ndoo mikononi, wako vijana walioponda mifupa kwa kiboko, na kuna wakulima walioamka wakakuta jasho la miezi minne limeliwa usiku mmoja. Kiangazi kikizidi, mtu, ng'ombe na kiboko huja kwenye dimbwi moja. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mto, kama lile la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamebadili namna maji yanavyopanda na kushuka, na mvua kubwa zikija mto huo huo huvunja kingo. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Lamu, abiria wakavushwa kwa mashua mahali ambapo jana yake walipita kwa basi.

Yafaa kila mwenye jamaa kando ya mto ajue haki yake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema fidia ya aliyeuawa na mnyama wa mwituni ni shilingi milioni 5, na aliyepata kilema cha kudumu hadi shilingi milioni 3. Hata mazao na mifugo iliyoharibiwa inaweza kudaiwa. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti inayohusika na wanyamapori. Ni kweli kwamba malipo huchelewa, tena sana, na wengine hufa wakiyangoja. Lakini asiyepeleka dai hata kungoja hangoji. Na serikali yenyewe ifahamu kwamba kila mwaka wa kuchelewesha fidia ni mwaka wa kumfundisha mkulima kutega sumu.

LANGO LA SIMBA NA WITU

Baada ya Garsen njia huelekea mashariki. Kuna mahali panapoitwa Lango la Simba, na jina hilo halikutiwa na watalii. Huku ndiko nchi ya majina ya kutisha. Mbele ni Witu, mji ambao Sultani Ahmad wa ukoo wa Nabahani, alipoondoka Pate katika karne ya 19, aliufanya ngome yake ndani ya msitu. Naye lakabu yake ilikuwa Simba. Msitu ulikuwa ukuta wake, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipata humo hifadhi. Wajerumani wakafanya naye mkataba mwaka 1885. Oktoba 1890, mwanawe wa ukoo akiwa ameshika utawala, jeshi la Waingereza likauteketeza mji.

Nchi hii ya Tana, Ozi na Kipini ndiyo pia nchi ya Fumo Liyongo, shujaa wa upinde na malenga, ambaye kaburi lake husemwa liko Ozi. Katika habari zake zote, Liyongo akikosana na watu wa mji hukimbilia msituni kwa wawindaji. Mswahili wa kale hakuuona msitu kuwa adui. Ulikuwa ghala la boriti, dawa, asali na nyama ya halali, na kimbilio la aliyeonewa. Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, ndio waliokuwa walimu wa elimu hiyo. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1977, maisha yao yaligeuzwa kwa kalamu moja. Walioishi na nyati na nyamera kwa karne nyingi bila kuwamaliza waliitwa majangili, na hali pembe zilizokuwa zikitoka nchini kwa marobota hazikubebwa na Waboni.

Magharibi na kusini ya Mokowe kuna ziwa la Mpeketoni lenye viboko, na kaskazini ni hifadhi ya Dodori, iliyotengwa mwaka 1976, ambamo nyamera huja kuzaa. Nyati huvuka njia jioni. Wasafiri wa njia hii wamepata misukosuko iliyo mikubwa kuliko nyati, hasa tangu mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014, na vizuizi vya askari vimekuwa sehemu ya safari. Anayekaguliwa kizuizini na avute subira, na akisubiri atazame juu ya miti. Mara nyingi tai hukaa hapo, naye hakaguliwi.

PUNDA, PAKA NA SIWA

Amu wenyeji hukupokea kwa salamu na punda kwa kukusukuma ukutani. Mji wa vichochoro hauna nafasi ya gari, na punda ndiye lori, teksi na mkokoteni. Mwaka 1987 kilianzishwa hapa kituo cha kuwatibu punda bure, na hadi leo punda mwenye kidonda huonekana akipelekwa kama mtoto apelekwaye zahanati. Paka nao, wembamba na wenye shingo ndefu, hungoja wavuvi bandarini. Nani kati yetu hakufundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa maji aliyompa mbwa mwenye kiu?

Katika jumba la makumbusho la Lamu imewekwa siwa ya Pate, baragumu kubwa la pembe ya ndovu lililochongwa kwa ufundi usio kifani. Ilipigwa katika harusi na sherehe za wenye nasaba. Mtu akiitazama huiona heshima ya mji. Akitazama mara ya pili aone pia tembo, maana bila tembo siwa haikuwako. Utamaduni wetu mwingi umetoka katika miili ya wanyama hawa: ngozi za ngoma, pembe za zumari na mabaragumu, magamba ya masanduku na vitana. Tumechukua mengi kwao, na ni haki waulize tumewarudishia nini.

LA KUFANYA

Jambo la kwanza liko mikononi mwa madereva. Lami mpya imewafanya waone haya kutumia breki, na kila asubuhi kando ya njia huonekana mizoga ya nyani, kanu, kobe na hata ng'ombe wa watu. Nabii Sulayman, pamoja na ufalme wake wote, alimsikia chungu akiwaonya wenzake wasikanyagwe na jeshi, akatabasamu na kumshukuru Mola. Sura nzima ikaitwa kwa jina la chungu. Mwenye usukani wa basi hana jeshi kubwa kuliko lile, na dakika 10 za kuchelewa Mokowe hazijapata kumwua mtu.

La pili liko kwetu sisi wazazi. Muulize mtoto wa Mombasa leo tofauti ya kima, mbega, tumbili na komba, na kwake wote watakuwa nyani. Mwulize kasa na ng'amba, atasema kobe. Jina likipotea, mwenye jina hupotea bila kuliliwa, kwa kuwa hakuna wa kusema fulani haonekani tena. Wazee waliokuwa wakijua ndege kwa sauti zao na samaki kwa magamba yao wanatangulia mmoja mmoja, na elimu yao haijaandikwa. Walimu wa chuo na wa skuli wangeweza kuikusanya kwa daftari moja na jioni chache za barazani.

La tatu ni la viongozi. Msitu wa Sokoke na vipande vya Tana havitasalimika kwa mabango. Vitasalimika pale mtu wa kando ya msitu atakapopata tonge lake kwa mti uliosimama, na aliyevunjiwa shamba alipwe mwaka ule ule.

Basi ukisafiri tena, chagua kiti cha dirishani, na mtoto mpe pajani. Mkifika Sokoke mwambie hapa anakaa sengi, jamaa yake tembo. Mkifika Sabaki mwambie tomondo. Mkifika Garsen mwambie kuna mbega mwekundu ambaye Mungu hakumpa nyumba nyingine katika dunia nzima ila hapa kwetu, na kwamba mwenye mgeni wa namna hiyo huulizwa habari zake.